Pinki ya Kuazima

Kikopey watu husimama kula mbuzi choma. Mimi safari hii niliondoka na hereni za manyoya. Ni ya kuku, yamepakwa pinki yafanane na ya heroe, wale flamingo wa Ziwa Elmenteita hapo chini. Kazi ya mkono si mchezo: uzi umekazwa, unyoya haulegei. Pinki ndiyo inanikera. Heroe mwenyewe hazaliwi nayo. Huipata kwenye mwani anaokula, na unyoya ukishadondoka, rangi hufifia. Sawa, kumwiga ni afadhali kuliko kumnyonyoa. Lakini mbona kuku aone haya kuwa kuku?

Jozi bora ilikuwa nyuma ya meza: manyoya ya jogoo wa kienyeji, meusi, yakigeuzwa juani yanatoa kijani. Hakuna rangi ya dukani. Kwenzi walikuwa wanaokota makombo ya ugali miguuni petu, wanang’aa vivyo hivyo, bila kupakwa chochote.

Nikaomba kubadilisha. Mama muuzaji akacheka, akanirudishia hamsini. Eti hizo ni za bei ya chini, hazina rangi.