'Panya wa kawaida': Kawaida kwa nani?

MICHORO ya kale ya wanyama wa Uingereza hupenda kuwalinganisha panya wadogo wa nyumbani: mmoja huitwa 'wa kawaida', mwenzake 'wa St Kilda', visiwa vya mbali magharibi mwa Scotland. Ni michoro mizuri, hilo sibishi. Jicho hupima rangi ya manyoya na urefu wa mkia papo hapo. Ila maelezo yaliyo chini yake yanapotosha.

Kawaida kwa nani, jamani? Kwa mkazi wa St Kilda, panya huyo wa kisiwani ndiye aliyekuwa wa kawaida, akila makombo jikoni mwake. Neno 'kawaida' hapa halimwelezi mnyama. Linaeleza alikoketi mwandishi.

Afadhali Kilatini. Mwaka 1899, Barrett-Hamilton alimwita huyo wa kisiwani muralis, yaani wa ukutani. Panya wa porini wa huko huko akamwita hirtensis, wa Hirta, kisiwa kikuu. Jina moja lataja kuta, jingine ardhi. Mnamo Agosti 29, 1930, wakazi 36 waliosalia walihamishwa. Nyumba zilipokosa watu, muralis akatoweka katika muda wa miaka michache tu. Hirtensis yupo hadi leo.

Jina lilibeba habari ambayo brashi haikuweza kuibeba. Basi sisi tunaotafsiri kwa Kiswahili, ambako 'panya' ni mkubwa na mdogo vilevile, tusikimbilie 'wa kawaida'. Tuulize kwanza mnyama anamtegemea nani, ndipo tumpe jina.