Uganga Pasi na Ridhaa: Sihiri na Maadili katika Buffy the Vampire Slayer

Kiswahili hutenga uganga na uchawi. Mganga huponya, mchawi hudhuru; kipimo ni nia ya mtendaji pamoja na matokeo ya kitendo chake. Je, kipimo hiki chatosha kumhukumu mhusika wa tamthilia ya sihiri? Swali hili lajitokeza bayana katika Buffy the Vampire Slayer, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoasisiwa na Joss Whedon na kuonyeshwa baina ya 1997 na 2003, hususan katika msimu wake wa sita (2001-2002).

Willow anamfufua rafikiye Buffy akiamini kuwa roho yake yateseka jehanamu. Nia ni njema. Lakini Buffy alikuwa mahali pa raha, anapodhani kuwa ni peponi, na kurejeshwa kwake duniani kwamtesa. Baadaye Willow anamfutia mpenzi wake Tara kumbukumbu ya ugomvi wao. Tara agunduapo, alalamika kuwa akili yake imeingiliwa. Willow aahidi kujizuia, kisha arudia tendo lile lile. Hapana damu iliyomwagika wala chuki iliyotiwa. Kosa ni kumtendea mtu pasi na ridhaa yake. Hapa watunzi wamegusa jambo ambalo kipimo cha nia hakilifikii: uganga usioombwa, japo watokana na mapenzi, waweza kuwa uchawi.

Yasikitisha kwamba hoja hii haikukuzwa. Mara Tara anapoondoka, msuko wageuka: sihiri yafananishwa na ulevi, naye Willow awa mraibu. Mraibu hutibiwa na kuhurumiwa. Mdhalimu hudaiwa haki. Kwa kubadili sitiari, watunzi wamempunguzia Willow dhima yake, na dhuluma aliyotendewa Tara yafunikwa na maradhi ya aliyemdhulumu. Huenda mtu akajibu kwamba Willow ajutia maovu yake katika msimu wa saba. Ni kweli, lakini kinachomwelemea zaidi ni damu ya Warren, aliyemwua kulipiza kifo cha Tara.

Katika sehemu ya mwisho (2003), Willow atumia sihiri kuwagawia nguvu za Buffy wasichana wote duniani waliozaliwa na uwezekano wa kuzirithi. Tendo hili limekusudiwa liwe kilele cha ukombozi. Hata hivyo, waliokuwapo waliulizwa. Walio mbali hawakuulizwa. Mhakiki hana budi kulirejea lalamiko la Tara hata pale ambapo sihiri yaleta ushindi.