Esther wa ‘Veve’ na kiti ambacho hakuwahi kukitazama

Majuzi nilitazama tena na wanafunzi wangu filamu ya Veve ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Simon Mukali kutokana na mswada wa Natasha Likimani. Kisa ni cha Maua, Meru, kwenye biashara ya miraa. Mwanasiasa Amos anautaka ugavana. Kijana Kenzo anataka kulipiza kisasi cha babake. Katikati yao yupo Esther, mkewe Amos, mpweke katika nyumba kubwa. Kenzo anaanza uhusiano wa kimapenzi naye.

Filamu hii husifiwa kwa kuanika ulafi wa wanasiasa. Nami naisifu. Lakini hebu tujiulize: anayemwandama mwanamume mwenye mamlaka ni nani? Mwanamume mwingine! Na njia anayopitia ni moyo wa mke wa adui yake. Mhakiki Eve Sedgwick alionyesha mwaka 1985 kuwa katika fasihi ya Kiingereza wanaume wawili wanapomgombea mwanamke, mara nyingi uhusiano wenye uzito ni wao kwa wao. Mwanamke ni daraja tu. Lizz Njagah anauigiza upweke wa Esther vizuri mno. Daraja zuri, basi.

“Prof, mbona wanaume wanafanya siasa na yeye anafanya mapenzi tu?” akauliza binti mmoja wa Igembe. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetumia nusu saa nzima kueleza nadharia ya Laura Mulvey kuhusu jicho la kiume katika sinema, na yeye akaimaliza kwa sentensi moja.

Kijana mmoja akajibu kwamba huo ndio uhalisia, kwa kuwa desturi ya Igembe ilimkataza mwanamke kuupanda mti wa miraa. Ni kweli. Ila wanawake huuza miraa barabarani kila siku, na ukiteremka Mbeere, kaunti ya Embu, utawakuta wakichuma muguka kwenye vichaka vifupi. Jani halibagui. Filamu ndiyo iliyochagua mahali pa kuelekeza kamera.

Kwamba mwandishi wa mswada ni mwanamke hakunishangazi. Filamu ya kisasi huja na viti vyake vimeshapangwa: mwonevu, mlipizaji, na mwanamke wa kupiganiwa. Mwandishi asipovipangua, ataketi palepale walipoketi wenzake.

Mwaka 2022, Meru ilimchagua Kawira Mwangaza kuwa gavana, nayo Embu ikamchagua Cecily Mbarire. Kiti alichokitolea jasho Amos kikakaliwa na wanawake katika kaunti zote mbili, miaka minane tu baada ya filamu ambamo Esther hakipigii hata hesabu.

Yule binti ameniomba ruhusa aandike mswada ambamo Esther anawania ugavana dhidi ya mumewe. Nimempa hadi Ijumaa.