Programu Inayoiona "Lipa" na Kupitwa na "Sjalipwa"

Kampuni ya programu za ushahidi wa kielektroniki ikitaka kuwavutia mawakili, aghalabu hufungua barua pepe za Enron. Enron ilikuwa kampuni ya nishati ya Marekani. Ilifilisika Desemba 2001, na mwaka 2003 tume ya nishati ya nchi hiyo ikaziweka wazi barua pepe za wafanyakazi wake wapatao 150, wengi wao mameneja wakubwa. Jumla yake ni takriban nusu milioni, zimeandikwa kwa Kiingereza cha afisini, na kila moja ina mwandishi, mpokeaji, tarehe na kichwa. Programu yoyote iliyotengenezwa vizuri ikipewa mzigo huo hung'ara. Nilipokwenda kwenye kongamano la teknolojia ya sheria kutafuta programu itakayowafaa mawakili wa Malindi na Kilifi, meza ya kwanza nilikuta Enron, na meza iliyofuata vilevile.

Mimi nilibeba mzigo mwingine. Nilikuwa nimetunga jumbe za majaribio kwa sura ya zile zinazofika katika afisi za mawakili wa huku: mazungumzo ya WhatsApp kuhusu kiwanja cha Mambrui, jumbe za sauti, taarifa ya M-Pesa, picha ya mkataba ulioandikwa kwa mkono na kupigwa mhuri wa chifu, na barua pepe chache za Kitaliano. Kitaliano hakikuwa pambo. Waitaliano wamekuwa Malindi tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco pale Ngomeni, ambako setilaiti ilirushwa mwaka 1967, na hadi leo mgogoro wa nyumba ya Watamu waweza kuwa na mkataba wa Kiingereza, mashauriano ya Kitaliano, na maagizo kwa msimamizi wa ujenzi kwa Kiswahili. Wakili anayenunua programu lazima ajue itafanya nini na mchanganyiko huo.

Kazi ya programu hizi ni rahisi kueleza. Hukusanya faili kutoka kwenye simu, kompyuta na seva, huondoa nakala zinazojirudia, husoma maandishi yaliyo ndani ya picha, hutengeneza faharasa ya maneno ili mtu aweze kutafuta, kisha hupanga kitakachokabidhiwa upande wa pili, kikiwa na namba na sehemu za siri zikiwa zimezibwa. Zimestawi Marekani na Uingereza kwa sababu sheria ya kule humlazimisha mdaawa kutoa hata hati inayomuumiza. Kenya nayo ina mlango huo. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru hati zifichuliwe, na katika jinai Katiba, Ibara ya 50(2)(j), inampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi wa upande wa mashtaka. Hata kabla ya Katiba hiyo, mwaka 2008, Mahakama ya Rufani ilikwisha kulisisitiza jambo hilo katika kesi ya Cholmondeley.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kutafuta maneno, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipojitokeza. Chukua kitenzi kinachoamua kesi nyingi za ardhi Pwani: kulipa. Kwa Kiingereza shina la neno hukaa mbele na mabadiliko huja nyuma, kwa hiyo mtafutaji huandika mwanzo wa neno, huweka kinyota, na aina zake nyingi hujitokeza. Kiswahili hubadilika mbele, katikati na nyuma. Nimelipa, hajalipa, tutalipana, alilipwa, nilikulipia, malipo, mlipaji. Mwandikie mtu wa Pwani naye atakujibu "nshalipa" au "sjalipwa", na kijana wake ataandika "cjalipwa". Ukitafuta "lipa" yenye kinyota nyuma, programu itakuletea "lipa", "lipana" na machache mengine. Yote yenye kiambishi mbele yatapita, na hayo ndiyo yenye mtenda, wakati na ukanushi, yaani yale wakili anayoyahitaji.

Nikamwomba mwonyeshaji aweke kinyota mbele na nyuma ya mzizi "lip", ili "malipo" nayo yaingie. Kwanza programu ilikataa. Faharasa nyingi za aina hii hupangwa kwa herufi za mwanzo kama kamusi, na kutafuta kitu kwa herufi za katikati ni kupekua kamusi nzima. Alipobadilisha mpangilio, ikakubali, lakini sasa ikaleta takataka: alipofika, walipokuwa, nilipoenda, tulipomuona. Herufi "lip" zimo katika sentensi nyingi zinazoeleza jambo lilipotokea, na ushahidi wa kesi umejaa sentensi hizo. Jumbe za malipo zikazama humo.

Tatizo hili si jipya na lina tiba. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kujenga kichanganuzi cha Kiswahili ambacho hulivunja neno katika viambishi na mzizi wake, kikajua kwamba "hajalipwa" inatokana na kulipa na "alipofika" haitokani nako. Elimu ipo. Lakini Lucene, maktaba ya utafutaji inayotumika ndani ya programu nyingi duniani, ina vichanganuzi vya lugha kadhaa, kuanzia Kidenmaki hadi Kihindi, na Kiswahili hakimo. Lugha ya mamilioni ya watu, inayotumika mahakamani kila siku, imeachwa nje na watu ambao hawakuulizwa swali na mnunuzi yeyote. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu nasema mawakili wa Pwani waende kwenye makongamano haya na kuuliza kwa sauti.

Hata kichanganuzi kizuri hakitamaliza kazi. Mwaka 1985 David Blair na M. E. Maron walichapisha uchunguzi wa kesi ya ajali ya treni za BART za eneo la San Francisco. Palikuwa na hati 40,000 hivi, kurasa 350,000. Mawakili walitafuta kwa maneno wakaamini wamepata asilimia 75 ya hati zenye maana. Ukweli ulikuwa asilimia 20 hivi. Sababu kubwa ilikuwa msamiati: waliolaumu waliandika "ajali", waliohusika wenyewe wakaandika "tukio" au "hali ya bahati mbaya". Huku kwetu mambo hufichika zaidi. Anayepokea fedha za kiwanja ambacho si chake haandiki kwamba amelipwa. Huandika "mzigo umeingia", "mzee ashapata chake", "tumemalizana", "chai ya yule wa afisini imefika?" Orodha ya maneno ya kutafuta lazima itungwe na mtu aliyekaa na mashahidi akawasikia wanavyosema, kabla kompyuta haijawashwa.

Kampuni hujibu hoja hii kwa kuonyesha mbinu ya mashine kujifunza. Wakili husoma sampuli, huweka alama kwenye kinachohusika na kisichohusika, na programu huzipanga hati zilizobaki kwa kufuata mfano huo. Mbinu hii ilipata kibali cha mahakama ya Marekani mwaka 2012, Jaji Andrew Peck alipoikubali katika kesi ya Da Silva Moore dhidi ya Publicis. Ni mbinu nzuri, nami naiamini pale hati zinapofika makumi ya maelfu. Kesi ya kawaida ya Malindi ina simu tatu au nne na jumbe mia kadhaa zenye uzito. Karani mwenye bidii atazisoma zote kabla mashine haijapata sampuli ya kutosha kujifunzia.

Ujumbe wa sauti ndio mtihani mgumu kuliko yote. Watu wengi wa huku hawaandiki, wanabonyeza na kuongea. Modeli ya Whisper, ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iliyotolewa mwaka 2022 ilifundishwa kwa masaa 680,000 ya sauti, lakini fungu la Kiswahili lilikuwa dogo mno. Katika majaribio yangu Kiswahili cha taarifa ya habari kiliandikika vizuri. Mzungumzaji alipochanganya Kigiriama na Kiswahili huku pikipiki inapita, mashine ilitunga sentensi ambazo hakuna aliyezisema, tena kwa ufasaha. Ufasaha huo ndio unaotisha, kwa sababu anayesoma maandishi peke yake hawezi kujua pameharibika wapi. Maandishi ya mashine yatumike kumwelekeza mtu asikilize wapi, na yasiingizwe mahakamani mpaka mkalimani ameyathibitisha.

Mawakili wengi hukimbilia utafutaji, ilhali jumbe nyingi hutupwa nje kwa sababu ya namna zilivyokusanywa. Vifungu vya 106A na 106B viliingia katika Sheria ya Ushahidi kwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2009, na kifungu cha 78A kikafuata mwaka 2014. 106B inataka cheti kutoka kwa mtu anayehusika na kifaa au shughuli yenyewe, akieleza nakala ilivyotolewa, kifaa gani kilitumika, na kwamba kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Mahakama ya Rufani ililikazia jambo la cheti mwaka 2015 katika kesi ya Bunge la Kaunti ya Kisumu. 78A nayo inaielekeza mahakama ipime jinsi ushahidi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyolindwa usiguswe.

Sasa tazama inavyofanyika kwa kawaida. Mteja anapiga skrinshoti, anamtumia karani kwa WhatsApp, karani anazichapisha. Njiani WhatsApp imeipunguza picha na kuondoa taarifa zake za ndani, hivyo tarehe ya kupigwa imepotea. Kusafirisha mazungumzo yote kwa kitufe cha WhatsApp ni afadhali, lakini kinachotoka ni faili la maandishi matupu ambalo yeyote aweza kulihariri. Njia iliyo salama ni kuchukua nakala kamili ya simu yenyewe, kisha papo hapo kuipigia hesabu ya SHA-256, ambayo hutoa alama 64 zinazolitambulisha faili hilo. Ikibadilika herufi moja ndani ya faili, alama hizo hubadilika. Ziandikwe kwenye cheti siku hiyo hiyo. Kukokotoa alama hizo hakuhitaji programu ya kununua. Kompyuta ya kawaida inaweza.

Uzito wa haya umeonekana katika eneo hili hili. Novemba 2023 mahakama ya Malindi ilimpata mhubiri Paul Mackenzie na hatia katika kesi iliyoanza 2019, ya kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni, na Desemba akahukumiwa kifungo cha miezi 12. Hiyo ilikuwa kesi ya video za mahubiri. Kesi zilizofuata vifo vya wafuasi wake katika msitu wa Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi, na mashtaka hayo aliyakana. Familia zilizongoja miezi na miezi majibu ya DNA ya kutambua miili zinastahili kila rekodi iliyokusanywa iwe imara kiasi cha kustahimili hoja za utetezi. Mshtakiwa naye anastahili hivyo hivyo.

Mfano mwingine ni fedha za umma. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Kaunti ya Kilifi ilipoteza takriban shilingi milioni 51 kupitia mfumo wa malipo wa IFMIS, na ubishi ukawa nani alitumia nywila ya nani. Katika kesi ya namna hiyo barua pepe hazisaidii sana. Kinachosema ni kumbukumbu za mfumo: akaunti gani iliingia, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi. Nilipouliza kama programu inaweza kuzipanga kumbukumbu hizo pamoja na taarifa ya M-Pesa kwenye mstari mmoja wa wakati, kampuni moja iliweza, na ilifanya vizuri kweli.

Lakini programu haimlazimishi mtu kufungua mlango. Agosti 28, 2017 Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi iwaruhusu walalamishi kusoma yaliyomo kwenye seva zake. Tume haikutii kikamilifu, na kutotii huko kukahesabiwa dhidi yake matokeo ya urais yalipofutwa Septemba 1. Kinyume chake, mwaka 2022 fomu za matokeo za vituo 46,229 ziliwekwa hadharani, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe.

Lililobaki ni gharama na mahali. Programu nyingi hukodishwa kwa dola, kwa kila gigabaiti, na faili hukaa kwenye seva za nje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya Kenya, kwa hiyo swali la seva iko nchi gani lina jibu la kisheria. Lina jibu la kiufundi pia: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilikokota, na wakili mwenye kesi asubuhi asingefungua faili lake.

Ushauri niliowapa mawakili walionituma ni wasinunue mfumo mzima bado. Waungane afisi kadhaa, wagharimie kifaa kimoja cha kunakili simu na mtu mmoja aliyefunzwa kukitumia na kusaini cheti cha 106B. Nakala zikae kwenye diski mbili zilizofungwa kwa nywila, moja Malindi na moja Kilifi. Kwa utafutaji, watumie programu inayofanya kazi bila intaneti na inayokubali kinyota mbele ya neno, pamoja na orodha ya kuondoa "alipo" na wenzake. Kampuni ile iliyofaulu kwenye mstari wa wakati imeomba jumbe zangu za majaribio ili ijaribu kichanganuzi cha Kiswahili. Nimewapelekea, pamoja na zile za sauti zenye Kigiriama ambazo mashine iliziharibu.