Sambusa ya Adesi: Fani Inapochagua Maudhui

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari ameukuta mfano wa kikombe na chai. Fani ni kikombe, maudhui ni chai, na chai ukiimimina kwenye kikombe kingine inabaki kuwa chai ileile. Wahakiki wengi wameukataa mfano huo na mimi niko upande wao, ila ushahidi ninaouleta hapa hautoki kwenye riwaya wala tenzi. Unatoka kwenye sinia za alasiri za Ngamiani na Makorora, mjini Tanga, ambako sambusa ya nyama na sambusa ya adesi hupangwa pamoja, zote za pembetatu, zote za rangi moja. Mnunuzi akiambiwa kwamba hizi za upande huu hazina nyama, mara nyingi anauliza kama kuna punguzo. Amekwisha kuisoma ya adesi kuwa ni ya nyama iliyopungukiwa kitu.

Nataka kuupinga usomaji huo, na njia ya kuupinga ni kulitazama umbo lenyewe kwa makini: manda, mkunjo, kilichomo ndani, na kazi ya mafuta.

Manda ndiyo inayoguswa kwanza. Ina unga wa ngano, chumvi, maji na mafuta kidogo. Haina hamira, haina yai, haina maziwa. Kabla hatujafika kwenye mabishano ya nyama, basi, gamba la sambusa tayari ni chakula cha mtu asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama. La kuchunga ni samli, ambayo wengine hupakia badala ya mafuta ya mbegu, na ute wa yai, ambao wengine hugandishia pembe. Donge hukandwa likawa gumu kuliko la chapati, likapumzishwa, likakatwa vidonge. Kila kidonge husukumwa kikawa na upana wa kisahani, kikapakwa mafuta, kikanyunyiziwa unga, kisha kingine kikawekwa juu yake, na kingine tena. Rundo zima husukumwa kwa pamoja hadi liwe duara moja pana na jembamba. Hapo linapita kwenye chuma cha chapati, sekunde chache kila upande, lisipate hata doa moja la kuungua, na kabla halijapoa linabanduliwa, jani moja moja.

Hatua hii ya kubandua ndiyo fundi anapopimwa. Mafuta na unga vilivyowekwa katikati ya majani ndivyo vinavyozuia yasishikane, na mvuke wa ndani unayainua kidogo moto unapoingia. Pakibaki sehemu ndogo ambayo mafuta hayakufika, jani litatoboka papo hapo, na tundu hilo halifichiki tena, kwa sababu manda nzuri ni nyembamba kiasi kwamba ukiinyanyua mbele ya dirisha unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Iliyobanduliwa sawasawa imeiva nusu: imekauka kiasi cha kutonyonya unyevu mara moja, na bado ni laini kiasi cha kukunjika bila kupasuka. Kitambaa chenye unyevu huwekwa juu yake isikauke zaidi. Dakika chache bila kitambaa zinatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Mkunjo unafuata. Manda hukatwa ukanda mrefu. Ncha moja hukunjwa mshazari, ikakunjwa tena, ukapatikana mfuko wenye ncha kali chini na mdomo wazi juu. Mfuko hujazwa usifurike, kisha mkia uliobaki wa ukanda huzungushwa juu ya mdomo na kubandikwa kwa gundi ya unga na maji. Ipasue iliyokamilika utaona kwamba kuta zake hazina unene mmoja. Upande mmoja una jani moja au mawili, mwingine yanarundikana matatu, na kwenye pembe yanakutana mengi zaidi bila kitu ndani. Kwa hiyo mdomo wa mlaji haukutani na jambo lilelile mwanzo hadi mwisho. Pembe ya kwanza ni ukavu unaovunjika kwa sauti, tumbo la katikati ndipo penye maneno, na pembe za mwisho zinarudi kwenye ukavu. Kuna mwendo hapa, na mwendo huo umetungwa na mkunjo kabla mtu hajaamua atie nini.

Ni tofauti na samosa nene ya kaskazini mwa India, ile inayokaa wima kwa makalio yake ikiwa imejaa viazi. Gamba lile lina mafuta mengi kwenye unga na unene wa kubeba mzigo mzito wenye maji. Sambusa ya pwani yetu imechukua njia ya ukanda mwembamba, kama ipikwavyo pia majumbani mwa Wabohora na Wagujarati waliohamia miji hii ya bandari, na wembamba huo una masharti. Hauvumilii kitu kizito, hauvumilii kitu chenye ncha, na zaidi ya yote hauvumilii maji. Maji yaliyomo ndani yakikutana na mafuta ya moto yanakuwa mvuke, mvuke unatafuta njia, na njia iliyo karibu ni ile pembe ambayo gundi haikushika. Mafuta huingia humo humo mvuke ulimotokea. Sambusa inayolowesha karatasi kwa mafuta ni sambusa iliyojazwa ingali na maji.

Tuzipime adesi kwa sharti hilo. Nyama ya kusaga ikichemka inaachia maji na mafuta yake. Maji yanakauka sufuriani, mafuta yanabaki yakibeba bizari, na chembe za nyama zinabaki zimetengana. Adesi hufanya kinyume. Zinanywa maji, na wanga wake unayashikilia. Mpishi anayezichemsha kama za mchuzi, mpaka zivurugike, atapata uji ambao kwa macho unaonekana mkavu lakini kumbe maji yote yamejificha ndani ya wanga. Ndani ya karai yatatoka. Kwa sababu hiyo adesi za sambusa huchemshwa kwa muda mfupi na kutolewa punje zikiwa bado zina ubishi kidogo kwenye jino, zikachujwa, zikatandazwa kwenye ungo au sinia zipoteze mvuke, kisha zikarudishwa kwenye kikaango kisicho na maji hata tone, zikageuzwa polepole hadi zilie kwenye chuma. Nasisitiza punje. Sambusa nyingi za mbogamboga ninazozila hushindwa mahali hapa. Viazi vilivyopondwa vinajaza pembetatu vizuri, havipasui manda, ila jino likishavuka gamba halikuti kitu cha kutafuna, na mwendo wote niliousimulia unaishia kwenye ulaini mmoja. Gamba linaahidi mengi, na ndani hakuna la kulijibu.

Kasoro ya pili ya adesi ni ukosefu wa mafuta, na hii haisemwi vya kutosha. Katika gramu 100 za adesi kavu kuna protini gramu 24 hivi, kiwango cha kuheshimika, lakini mafuta hayafiki hata gramu 2. Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukitia bizari nyembamba juu ya adesi zilizokwisha kuiva, bizari itabaki juu juu, unaionja peke yake na adesi peke yake. Lazima ianze kwenye mafuta ya moto, ipasuke, ifuatiwe na thomu na tangawizi, ndipo adesi ziingie. Hapo pwani ina jibu lake ambalo bara haina: nazi. Nazi iliyokunwa ikikaangwa kavu hadi iwe kahawia na kutoa harufu, kisha ikapondwa kidogo kwenye kinu, hurudisha mafuta ambayo adesi hazina, na inayarudisha bila maji. Tui lisitiwe kabisa, maana tui ni maji. Kwa nazi hiyo, pamoja na pilipili manga na mdalasini vinavyoshuka mjini kutoka Amani na vijiji vya Muheza, adesi zinakuwa na uzito wa ladha ambao nyama ya kusaga hupewa na shahamu yake. Na ladha iliyopatikana si ya nyama, kwa sababu mpishi hakuitafuta.

Sasa niiseme soya. Vipande vikavu vya soya vinavyouzwa kwenye pakiti hutengenezwa kwa unga wa soya uliokamuliwa mafuta, na protini yake inakaribia nusu ya uzito wote. Vikilowekwa kwenye maji ya moto yenye chumvi, vikakamuliwa kwa nguvu, vikasagwa na kukaangwa, vinatoa chembe zinazorudi mdomoni zikitafunwa, karibu sawa na nyama. Kwa sharti la punje vimefaulu kuliko adesi. Familia za Wasabato, ambao utume wao wa kwanza nchini ulianza Upare mwaka 1903 na ambao baadhi yao huacha nyama, wanaijua soya vizuri, na siwezi kumdharau mpishi anayeitumia. Hata hivyo nikiisoma sambusa ya soya naona maandishi yaliyonakiliwa. Kila kitu ndani yake kimepangwa ili mlaji aseme hakujua. Soya yenyewe haina sauti. Imenyonya bizari, imenyonya chumvi, na ikibaki na maji kidogo ambayo hayakukamuliwa, itayatema kwenye karai. Mimi naichanganya kwa theluthi moja tu na adesi, iwe mifupa, adesi na nazi ziwe mwili. Hapo mchanganyiko unashikana, na bado unajulikana ni wa nini.

Mbaazi zinanipa taabu zaidi, kwa kuwa ndizo za nyumbani hasa. Mbaazi za nazi na mahamri ni asubuhi ya pwani nzima, kuanzia Pangani hadi Lamu. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia huko, bei ikaporomoka kwa wakulima wa Tanzania, wengi walisema tuzile wenyewe. Kwa nini zisiwe ndani ya sambusa? Jibu lipo kwenye umbo. Mbaazi nzima ni kubwa na ganda lake ni gumu. Manda nyembamba ikibanwa kwenye pembe, punje zinachomoza na kuitoboa. Zikipondwa zote zinakuwa viazi vya pili. Zinazokubali ni zile zilizopondwa nusu, nyingine zikiachwa zimepasuka vipande viwili, na zikajazwa kidogo kuliko adesi. Mtunzi wa shairi la mizani 16 anaijua hali hii: neno ni zuri, ni la kweli, lakini lina silabi moja zaidi, na mstari unamwambia alikate au atafute jingine.

Wanaosema sambusa halisi ni ya nyama wana hoja ya historia, na historia haiwasaidii sana. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikula baadaye kwenye baraza la Sultani Muhammad bin Tughluq kule Delhi, na akaeleza chakula alichokiita samusak: nyama iliyokatwakatwa pamoja na lozi, jozi, pistashio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Nyama ilikuwepo, ndiyo. Lakini leo nani wa Tanga anatia lozi na pistashio kwenye sambusa? Vya ndani vimekuwa vikibadilika kila bandari. Kilichofika pwani yetu bila kubadilika ni ule wembamba unaofunga na kukaangwa. Kama tunatafuta uhalisi wa sambusa tuutafute hapo.

Karai halina mengi, ila lina moja linalosahauliwa. Manda imeiva nusu, adesi zimeiva kabisa, kwa hiyo kazi ya mafuta ni kukausha gamba na kulipa rangi, basi. Mafuta makali mno huitia manda malengelenge na kuiunguza pembeni, huku ule ukuta wenye majani matatu ukibaki unga ndani. Moto wa wastani, sambusa zikigeuzwa mara kwa mara, hutoa uso laini na mkavu kila tabaka. Kipande cha manda kilichotupwa kwanza kikizama kisha kikapanda taratibu na mapovu madogo, mafuta yamefika.

Limebaki suala la ndimu. Katika sambusa ya nyama wengi huikamua ndani ya mchanganyiko, na inafaa, kwa kuwa inakata shahamu. Ndani ya adesi naipinga: inaongeza unyevu uliofukuzwa kwa jasho, na ukali wake hupotea kwenye wanga. Iwekwe kwenye chatne ya nazi na pilipili mbuzi, au ikamuliwe juu ya sambusa iliyokwisha kuumwa pembe. Vitunguu maji vibichi, vilivyokatwa vidogo na kukamuliwa kwa chumvi, viingie adesi zikiwa zimepoa kabisa, pamoja na majani ya giligilani yaliyokaushwa kwa kitambaa. Anayetumia manda za pakiti za dukani, ambazo ni kavu kuliko za mkono na hupasuka kwenye kona ya pili ya mkunjo, azipitishie kitambaa chenye unyevu, azidishe nazi kidogo, na apunguze kijiko cha adesi kwa kila mfuko.