Inveta Inayofuata Jua: Pampu za Visima vya Dadaab

Mkazi wa Galbet, mjini Garissa, hutegemea maji ya Mto Tana. Dadaab haina mto. Kambi zake za wakimbizi, zilizoanza kufunguliwa mwaka 1991, hunywa maji ya ardhini, kutoka hifadhi iitwayo Merti, na kwa miaka mingi pampu za visima ziliendeshwa kwa jenereta za dizeli. Baadaye visima kadhaa viliwekewa paneli za sola, jenereta ikabaki ya akiba.

Kilichowezesha mageuzi hayo ni inveta ya pampu. Mota ya fezi tatu huzunguka kwa kasi inayotegemea marudio ya umeme, na kasi yake kamili ni ya 50 Hz. Inveta huchukua umeme wa mkondo mnyoofu wa paneli, huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, kisha huutoa ukiwa wa fezi tatu, kwa marudio yanayopanda jua linapopanda na kushuka wingu linapopita. Volti hushuka pamoja nayo, 400 kwa 50 Hz na 320 kwa 40 Hz, la sivyo mota ingeungua. Betri haihitajiki: akiba ya usiku ni maji yaliyo tangini. Tena mota huanza polepole, bila kuvuta ule mkondo wa mara sita ya kawaida unaolazimisha kununua jenereta kubwa kupita kiasi.

Wauzaji husema ukipunguza kasi kwa asilimia 20, nguvu inayotumika hushuka hadi karibu nusu. Ni kweli kwa feni, na hukaribia ukweli kwenye bomba refu la tambarare kando ya Tana, ambako nguvu nyingi huliwa na msuguano. Kisimani sivyo. Uwezo wa pampu kupandisha maji hupungua kwa mraba wa kasi. Chukua pampu inayofikisha mita 190 kwa 50 Hz. Kwa 40 Hz hufikisha kama 122. Kwa 35 Hz, 93 tu. Ikiwa maji yanapaswa kupanda mita 120, basi chini ya 40 Hz mota inazunguka, umeme unaliwa, na tone halitoki. Mbaya zaidi, mota ya kuzamishwa hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake; yakisimama, inachemka. Kwa hiyo kiwango cha chini cha marudio hakiachwi kama kilivyotoka kiwandani. Hupangwa kisima kwa kisima, baada ya kupima kina cha maji pampu ikiwa kazini.

Halafu kuna joto. Mota ya volti 400 inahitaji takriban volti 565 za mkondo mnyoofu. Paneli hupoteza karibu asilimia 0.3 ya volti kwa kila nyuzi inayozidi 25, na katika jua la Garissa uso wake hufika nyuzi 65 bila shida. Mfululizo wa paneli ulioandikwa volti 600 unabaki na 528, na pampu inakwama kwenye 47 Hz saa saba mchana, jua likiwa kali kabisa. Fundi anayelijua eneo hili huongeza paneli hadi mfululizo uvuke volti 645.