Vitabu Viwili juu ya Mwendo

Elimu ya nguvu na mwendo wa vitu ilipata misingi yake katika vitabu viwili vya Ulaya. Cha kwanza ni cha Galileo, kilichochapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, mtungaji akiwa mfungwa nyumbani kwake karibu na Florence, naye amekwisha kuwa kipofu. Cha pili ni cha Newton, kilichotoka London mwaka 1687. Shuleni twaanza na Newton, na wanafunzi hukariri kanuni zake tatu kama wakaririvyo majina ya mito. Kwa maoni yangu, anayeanza elimu hii yafaa aongozwe kwanza na Galileo.

Newton aliandika kwa Kilatini, akaziweka kanuni zake mwanzoni. Kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kiendacho huendelea kwa kasi ile ile katika mstari ulionyoka, mpaka nguvu ikibadili hali yake. Badiliko la mwendo hulingana na nguvu iliyotiwa, na huelekea upande ule ule. Kila nguvu hujibiwa na nguvu iliyo sawa nayo, ielekeayo kinyume chake. Ufupi huo ni sifa kubwa. Lakini humwachia msomaji kazi ya kukubali, wala haumpi nafasi ya kubisha.

Galileo aliandika kwa Kitaliano, akawakutanisha watu watatu wazungumze: Salviati aliye mjuzi, Sagredo mpenda elimu, na Simplicio mfuasi wa Aristotle. Simplicio ashika kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Salviati hamdhihaki. Amwambia: tuseme jiwe kubwa laanguka kwa kasi ya nane, na dogo kwa kasi ya nne. Tukiyafunga pamoja, dogo litalichelewesha kubwa, na kasi itapungua nane. Lakini mawili hayo pamoja ni mazito kuliko lile kubwa peke yake, basi yangepasa kuzidi nane! Kosa lajifunua lenyewe, na mwenye kosa amebaki na heshima yake.

Nilijifunza thamani ya jambo hilo kwa aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilisoma darasani mfano wa Newton mwenyewe: farasi akivuta jiwe kwa kamba, jiwe nalo humvuta farasi kwa nguvu iliyo sawa. Mvulana mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, ikiwa nguvu ni sawa, mbona punda wetu huenda na mkokoteni?" Nikamwamuru aketi akariri kanuni. Akakariri, akafaulu mtihani. Swali lake akaenda nalo nyumbani.

Jibu halikuwa gumu. Nguvu hizo mbili ni sawa, lakini haziangukii kitu kimoja: moja yavuta mkokoteni, nyingine yamvuta punda. Punda husukuma ardhi nyuma kwa kwato zake, na ardhi humsukuma mbele. Msukumo huo ukizidi mvuto wa mkokoteni, punda huondoka. Na mvuto wake yeye ukizidi msuguano wa magurudumu, mkokoteni humfuata. Laiti ningalimpa mvulana yule nafasi aliyopewa Simplicio!

Hata hivyo tusimpe Galileo sifa isiyo yake. Alieleza jinsi vitu viangukavyo, lakini sababu ya kuongezeka kwa kasi yao aliiweka kando kwa makusudi, na kanuni ya tatu hatuipati kwake. Bila Newton, nyumba hii ingekuwa na kuta pasipo paa. Lakini hakuna fundi aanzaye na paa.

Basi, ewe mwanafunzi, ukiambiwa kwamba kitu kiendacho hakihitaji nguvu ili kiendelee, na wewe umeona mkokoteni ukisimama mara uachwapo, usinyamaze. Simama useme uliyoyaona, mpaka msuguano utajwe na shaka yako iondoke. Kuuliza si ujinga. Na mwalimu asiyetaka kuulizwa amejinyima nusu ya kazi yake.